Mama wa Samaki Kutoka Eringeti

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye njiani ananiuliza neno moja: "Masika, samaki bako wapi?" Wengine mnauliza kwa huruma, wengine mnauliza huku mnachekea ndani ya kitambaa, nawajua. Nimesimulia kipande msibani, kipande sokoni, kipande nje ya kanisa, na kila kipande kimezaa uongo wake. Nimesikia eti niliuza samaki Beni nikajinunulia kitenge. Kitenge hicho nionyesheni na mimi, nikivae. Leo nasimulia yote tangu mwanzo, na asiyeridhika apande mwenyewe kamyo kwenda Eringeti.

Mususa, kabla ya kuondoka

Bonde letu la Mususa, hapa Butembo, mnalijua, lakini nitalieleza kwa ajili ya wale ambao vita imewaleta Butembo juzi. Sisi akina mama wa bondeni, Wakatoliki kwa Waprotestanti, tulirithi mabwawa ya samaki yaliyochimbwa na baba zetu. Tulifuga tilapia, tukawalisha pumba na majani ya magimbi, na mtoto wa Mususa alijua ladha ya samaki mbichi kabla ya kujua kusoma. Halafu mvua zikaharibika. Zilichelewa mpaka tukakata tamaa, kisha zikaja zote kwa pamoja, zikabomoa kingo za mabwawa na kupeleka samaki mtoni. Jua likafuata. Chemchemi ambayo ingetuokoa ilikuwa imezungukwa na mikaratusi ya watu, na mkaratusi hunywa kuliko askari siku ya mshahara. Chini ya bonde udongo ukapasuka.

Zamani ungesema: bwawa likikauka, ziwa lipo. Lakini ziwa letu, kule kusini, tangu vita ianze kila mwenye bunduki amekuwa mvuvi. Wanavua kwa vyandarua vya mbu, wanazoa mpaka vitoto vya jana. Viboko, ambao mavi yao ndiyo yalikuwa yanalisha maji, wamepigwa risasi na kuliwa. Ndiyo maana sokoni mnanunua vile visamaki vikavu vya ukubwa wa kijiti cha kiberiti, mnaita mboga. Mnakula watoto wa samaki, kesho mnashangaa kwa nini hakuna wazazi.

Jambo lililonitoa nyumbani ni muhako. Ardhi ile si yetu, ina mukama wake, mwenye kilima, na kila mwaka tunampelekea muhako, zawadi ya kukiri kwamba tunakaa kwake. Wengine hupeleka mbuzi. Sisi tangu enzi za baba zetu tulipeleka samaki, kwa sababu desturi inataka kile ambacho ardhi yenyewe imezaa. Mwaka wa ukame tulimpelekea maneno matupu. Mkono mtupu haulambwi. Lakini mukama ni mtu mpole, hakutufokea. Alisema tu:

"Bamama, bafundi ba matofali banaomba hii bonde. Nitangojea mpaka muhako ingine. Nikiona samaki ndani ya mayi, mutabakia. Nisipoona, munisamehe."

Mnakumbuka tulivyofanya kazi baada ya hapo. Tulichimba mabwawa kina kirefu zaidi ili jua lisiyamalize. Tulibembeleza wenye mikaratusi mpaka wakakata ile ya karibu na chemchemi, na tukapanda majani na migomba kwenye kingo ili mvua ya hasira isizibomoe tena. Maji yakarudi, na mabwawa yakawa mazuri kuliko yale ya baba zetu. Kilichokosekana kilikuwa samaki wa mbegu. Wale wa nchi ya joto ukiwaleta katika baridi ya Butembo wananuna, hawazai. Ndipo mtu akamkumbuka Mama Kahindo, binti wa Mususa aliyeolewa Eringeti. Alipoolewa alibeba mbegu kutoka bwawa la baba yake, akaiweka katika bwawa la chemchemi chini ya msitu, ambako maji ni baridi. Samaki wake walikuwa samaki wetu.

Mlinichagua mimi kwa sababu nina mdomo na sina mume wa kunikataza. Mkanipa Kambale, mdogo wa marehemu mume wangu, mfanyabiashara wa vitunguu, kwa kuwa anawajua wenye makamyo. Hapo ndipo safari ilipoanza.

Butembo hadi Beni

Tuliketi juu ya magunia ya viazi, na mabidoni yetu, madumu matupu ya plastiki, yamefungwa kwa kamba kama mbuzi wa sadaka. Bidoni tupu wakati wa vita ni kesi. Kwenye barrière ya kwanza, kizuizi cha barabarani, askari mmoja aliyagonga moja baada ya jingine, akasikiliza sauti yake.

"Munaenda kutafuta mafuta ya gari ya nani?"

"Hapana mafuta, chef," Kambale akajibu. "Tunaenda kubeba samaki."

"Wapi?"

"Eringeti."

Askari akawaita wenzake waje wamsikie. "Huyu anasema Eringeti kuko bahari!" Wakacheka mpaka mmoja akaweka bunduki chini ashike mbavu. Kisha wakaacha kucheka, wakatushusha. Tulikaa pale kando ya barabara mpaka jua likageuka, kamyo nzima ikitungoja na kututukana kwa sababu ya mabidoni. Kilichotuokoa si maneno yetu. Mkubwa wao alikuja na njaa, akachukua vitunguu vya Kambale, akasema batu ba samaki bapite.

Kijijini Maboya tulisimama tena, safari hii kungoja magari mengine ili tushuke mteremko wa Kabasha kwa pamoja, kwa kuwa mlimani palikuwa na watu waliokuwa wakipora gari likiwa peke yake. Nilinunua parachichi na mahindi ya kuchoma. Mwanamke aliyeniuzia aliniuliza habari za mvua ya Butembo kama mtu anayeulizia mgonjwa. Nikamwambia hajambo kidogo. Akasema kwao pia imekuwa hivyo, inalala wakati wa kuamka.

Beni tulifikia kwa wifi yangu Kavugho, dada wa mume wangu. Ni mwanamke mnene wa moyo, anayelia akikuona na kulia ukiondoka. Nyumba yake ilikuwa imejaa jamaa waliokimbia vijiji vya kaskazini, hata mlango ulifunguka kwa shida. Nilimletea kikapu cha viazi na vitunguu. Alikipokea mlangoni, hakutazama ndani, akakipeleka jikoni moja kwa moja, na hatukukitaja tena. Kwetu ndivyo ilivyo, nanyi mnajua: mzigo wa mgeni ukishaingia jikoni umeshasema wenyewe. Kuueleza ni kujisifu, na kuuulizia ni matusi.

Tulikula ugali, sombe ya majani ya muhogo na kipande cha makayabu, samaki wa chumvi. Nilitafuna ile chumvi nikiwaza: samaki huyu amevuka bahari na nchi nzima kuja kuliwa kwa watu wenye ziwa lao.

"Samaki mubichi," Kavugho alisema, "mi nimesahau hata harufu yake. Tangu ndugu yangu alikufa, hakuna mwenye alinileteaka."

Nilisikia, nikacheka naye, wala sikumwambia tunachofuata Eringeti. Hilo nalikumbuka kuliko yote.

Beni hadi Eringeti

Kwenda Eringeti tulipanda pikipiki mbili, mabidoni yakipigapiga nyuma. Sisi tulielekea kaskazini, na watu wote wakaelekea kusini. Walikuwa wakitoka upande wa Ituri na magodoro kichwani, kuku wamefungwa miguu, bibi kizee juu ya baiskeli inayosukumwa. Walitutazama kama wehu. Baba mmoja alisimama katikati ya njia akatupungia mikono:

"Murudie! Kule munaenda kutafuta nini?"

"Samaki," nikasema.

Akanitazama, akatikisa kichwa, akaendelea.

Mama Kahindo tulimkuta amesimama ndani ya maji mpaka mapajani, akimgombeza mkimbizi mmoja aliyekuja na chandarua. Ni mwanamke mkavu, hacheki ovyo. Alitupokea kwa Kinande cha Mususa cha zamani, maneno ambayo nilikuwa sijayasikia tangu mama yangu afe, na machozi yakanitoka mbele ya mtu nisiyemjua. Ua wake ulijaa wageni wa vita kama ule wa Kavugho. Wote walikula samaki, lakini kwa sheria yake. Alivua kwa mtego wa kusuka wenye macho mapana, wadogo wakatoka. Na kila aliyenaswa alimtazama kwanza kidevuni.

"Uone hapa," aliniambia, akimshika mmoja ndani ya maji kwa upole. Chini ya taya palikuwa pamevimba. "Huyu ni mama. Batoto bake bote bako mu kinywa. Hakule, hakunywe, anangojea tu bakomae. Ile yenye kinywa imejaa, hapana kuigusa."

Mimi niliyezaliwa kando ya mabwawa nilijua kwamba tilapia hulea mdomoni. Lakini sisi hatukuwa na sheria ile. Sisi tulivua aliyekuja.

Nilimwambia habari za mukama na matofali. Nilianza pia kusema tulichokuja nacho cha kumshukuru, akanikatiza. "Mbegu haiuzwe. Baba yangu aliitoa kwenu, mi nairudisha kwenu. Lakini musikilize muzuri. Yangu ikikufa siku moja, nanyi mutanirudishia. Ile ndiyo muhako yangu mimi." Tukakubaliana kwa kula pamoja, ndizi za makemba na samaki wawili madume.

Alituchagulia akina mama wenye vinywa vilivyojaa. Alisema ukibeba vitoto peke yao vinakufa njiani, lakini mama anawabeba mwenyewe, wewe umbebe yeye tu. Tuliwaingiza katika mabidoni yaliyokatwa juu, maji hayakujazwa, majani yakawekwa kuzuia jua. Alitufundisha kuchota kwa kiganja na kudondosha toka juu ili maji yapate pumzi, na kubadilisha kidogo kila tunapovuka kijito. "Hapana kuwashika," alirudia tulipokuwa tunaondoka. "Ukimushika na nguvu, anatema batoto bote." Nilimwambia wasingya, asante ya Kinande. Alikuwa amesharudi majini.

Eringeti kurudi Beni

Tulirudi kwa gari lililobeba mbao, taratibu, viganja vyetu majini njia nzima. Abiria walianza kutucheka, kisha wakazoea, kisha mwanamke mmoja wa Oicha akaanza kutusaidia kudondosha maji huku akiimba wimbo wa kwaya. Kwenye barrière ya Oicha askari alifunua majani, macho yake yakawaka. Alitia mkono bila kuuliza akamtoa mkubwa kuliko wote, akamshika kiunoni kama muhindi wa kuchoma, na yule mama akatema. Vitoto vilimwagika juu ya kiatu cha askari kama unga wa muhogo.

"Nini hii? Iko mugonjwa?" alisema, akakung'uta kiatu.

"Iko batoto bake," nikasema.

Akamtupia mwenzake yule samaki, wakatuachia njia. Nilitukana moyoni matusi ambayo sitayarudia hapa, na mengine niliyasema kwa sauti tulipokuwa mbali.

Beni kuna joto. Tulipofika kwa Kavugho samaki walikuwa wanapumulia juu, midomo karibu na uso wa maji, na kila mara nilifikiri watafungua na kutema. Walihitaji nafasi na kivuli. Nyuma ya jiko lake kuna beseni kubwa la kufulia, chini ya paa, mahali pa baridi. Tuliliosha, tukajaza maji ya kisima, tukawahamisha polepole pamoja na maji yao, nikawafunika kwa jani bichi la mgomba. Kavugho alikuwa sokoni. Nikawaambia wale jamaa waliojaa uani, "Musimwage hii mayi," wakaitikia. Kisha mimi na Kambale tukaenda kutafuta kamyo ya kupanda Butembo, kwa sababu Kambale huwa hapatani na bei mpaka nisimame nyuma yake.

Tulichelewa. Madereva walikuwa wanakataa kupanda Kabasha. Tulipopata mmoja na kurudi, nilisikia harufu kabla sijaingia uani. Mafuta ya mawese, kitunguu, pilipili. Samaki mbichi.

Kavugho alinikimbilia amefungua mikono. "Masika! Masika wangu! Umetuheshimu sana! Mi nilisema kumbe wifi yangu alisikia ile neno nilisema, akaenda mpaka Eringeti kunitafutia samaki!" Nyuma yake watoto wa wakimbizi walikuwa wanalamba vidole. Bibi mmoja alinipigia magoti kunishukuru.

Sasa niambieni ninyi mnaocheka. Nimewaweka samaki jikoni kwa mwenye nyumba. Nimewafunika kwa jani la mgomba, jinsi tunavyofunika kile tunachompelekea mkwe. Nimetoka bila kumwachia mwenye nyumba neno, kama mgeni mwenye adabu. Mtu yeyote wa Butembo, wa Beni, wa Lubero, angesoma nini hapo? Waswahili wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Wenyeji walipona siku ile, wallahi walipona, matumbo yao yalikuwa hayajaona chakula kama kile tangu bunduki zianze.

Aliniketisha kwenye kiti, akaniletea sahani. Alikuwa ameniwekea kichwa, heshima ya mgeni. Na nilikula. Ningefanyaje? Nilikula mama wa samaki mbele ya wanawake waliokimbia na watoto wao mgongoni, nikasema tamu, na ilikuwa tamu kweli, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kambale aliingia, akaona sahani yangu, akatoka nje bila kuvua kofia.

Kavugho alikaa kando yangu akapepea nzi. "Ilikuwa na tabia mubaya hii samaki yako," alisema akicheka. "Nikishika moja, inatapika tududu. Moja, tududu. Ingine, tududu. Ile mayi ya beseni nimeiacha pale, nitaimwagia mboga."

Mfupa uliniponyoka. Nilikimbia nyuma ya jiko, nikapiga magoti, nikafunua lile jani. Maji yalikuwa na magamba na povu. Lakini kwenye kivuli cha ukingo kulikuwa na kitu kama moshi, moshi uliojikusanya, ukasogea nilipotia kivuli cha mkono. Akina mama waliposhikwa walikuwa wametema watoto wao majini.

Ndipo nilipomwambia Kavugho. Ilibidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini, pale pale kwenye matope, miguu mbele, kama mtu aliyepewa habari ya kifo. "Masika, mbona haukusema?" Nilimkasirikia, nikajikasirikia, nikaikasirikia adabu yetu yote inayotufanya tusizungumze mambo ya maana. Aliinuka akavua kitenge chake kizuri, kile cha sikukuu alichovaa kwa ajili ya samaki wangu, akalizungushia bidoni tulimohamishia vitoto ili visipate baridi mlimani. Kitenge mnachosema nimenunua, ndicho hicho.

Kabasha

Kamyo ilibeba mawese na makemba, na watu juu yake. Nilikuwa na bidoni moja tu katikati ya mapaja. Tulipoanza kupanda Kabasha ukungu ulishuka, hewa ikabadilika kuwa ya kwetu, na nilishukuru kwamba vitoto ni vya ukoo wa baridi. Katikati ya mlima injini ikaanza kuchemka. Moshi mweupe ukatoka, kamyo ikasimama mahali ambapo hakuna mtu anayependa kusimama. Miti pande zote mbili.

Dereva akafungua boneti, akapiga kelele: "Mayi! Nani iko na mayi?"

Wote walinigeukia.

"Hii hapana," nikasema. "Iko na samaki."

Mfanyabiashara mmoja mwenye koti akainama akachungulia. "Samaki wapi? Mi naona mayi tu."

"Bako wadogo."

"Mama, unataka tukufe hapa ju ya mayi? Batu ba pori batatoka sasa!" Mama mwenye mtoto mchanga akaanza kulia. Mtu mwingine akasema nimerogwa, au mimi ndiye mrogi, kwa nini nimekumbatia bidoni na kitenge kama maiti. Dereva akaja na kushika ukingo wa bidoni. Nikashika upande wangu. Kambale akashuka, akachukua ndoo ya dereva, akaanza kuteremka gengeni kutafuta kijito. Alikuwa anaogopa, maana alikuwa ameshaporwa pale mwaka uliotangulia. Lakini alikwenda.

Dereva hakutaka kungoja. Basi nilivua kitambaa cha kichwa, nikakifunga mdomoni mwa bidoni mara mbili, nikalisimamia mimi mwenyewe likiinama. Maji yakachuruzika kwenye sufuria yake kupitia kitambaa, vitoto vikabaki upande wangu. Nilimpa nusu, kisha zaidi ya nusu, nikahesabu pumzi zangu, mpaka nikasema basi, na nadhani sura yangu ilimwogopesha kwa sababu aliacha. Nilipofungua kitambaa kilikuwa na vidoa vyeusi, vile ambavyo havikuwahi kurudi majini. Nikavisuuza, vingine vikaogelea, vingine vikazama.

Kambale alirudi na ndoo imejaa, suruali imechanika. Injini ikaamka. Hakuna aliyesema asante kwake, wala kwangu. Yule mwenye koti alilala usingizi mpaka Butembo.

Mususa tena

Nilimimina kile kilichobaki katika bwawa la juu, karibu na chemchemi. Mlikuwepo baadhi yenu. Mlisimama kwenye kingo mkitazama maji yakiingia katika maji, na niliona nyuso zenu. Wengine walifikiri nimekuwa kichaa.

Siku ya muhako mukama alikuja na fimbo yake na mdogo wake. Nilichota maji kwa sahani nyeupe ya bati ili aone. Aliinama. Vitoto vya umri ule havionekani mwili, unaona macho mawili meusi yanatembea.

"Hii ni macho tu, mama," alisema polepole.

"Batakomaa, mukama."

"Muhako ni kitu ya kushika na mukono. Nilisema nikiona samaki." Hakufurahi kuyasema, hilo namkubalia. Mabwawa ya chini, yale tuliyoyachimba mpaka kucha zikatoka, akawapa watu wa matofali. Bwawa la juu akatuachia kwa sababu udongo wake hauna nguvu, tofali lake linapasuka tanuruni. Ndiyo huruma tuliyopata. Leo mnaona moshi wa tanuri bondeni, na nyumba za matofali hayo zinapendeza, wanasema. Mimi nikipita nafumba macho. Nina uchungu na sitajifanya sina.

Majuzi dereva mmoja alileta salamu kutoka Beni. Vita ilifika kwa Mama Kahindo. Askari walirusha maguruneti katika bwawa lake, wakakusanya walioelea, wakakata ukingo ili wapate waliozama. Yeye yuko hai, analala katika uwanja wa kanisa huko Beni pamoja na watu aliokimbia nao. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Muniulizie Masika, mbegu yangu iko?"

Nilishuka bwawani na pumba. Wale wa macho tu sasa wana upana wa kiganja, baridi imewachelewesha lakini hawakununa. Walikuja wote juu kula, isipokuwa mmoja. Alibaki kando, kwenye kivuli cha majani, mdomo umefungwa, kidevu kimevimba. Nilikaa chini nikalia kama Kavugho.

Nikiwa bado hapo, mdogo wa mukama akafika, amebeba ndoo. Mukama amesikia kwamba samaki wapo, alisema, na muhako wa mwaka ule haujatolewa bado. Alichungulia majini. "Mi naona mayi tu. Iko wapi ile mukubwa?"

"Iko pale," nikamwonyesha. "Umuambie mukama tunamuheshimu. Lakini ile iko na kinywa imejaa, na bale bako mule ndani bako na mwenyewe. Mama Kahindo anabangojea Beni."

Akapanda kilima na ndoo yake tupu. Atarudi, najua. Nanyi mnaoniuliza samaki wako wapi, njooni mwone, lakini ndoo ziacheni nyumbani.